Idhini ya Nani? Imani na Shule ya Kanisa Kisiwani Mombasa

Shule ya parokia ni shule inayoanzishwa na kanisa la mtaa, chini ya paroko, kwa ajili kwanza ya watoto wa waumini wake. Mahali ambapo karibu kila familia ni ya Kikatoliki maelezo hayo yanatosha. Mombasa hayatoshi. Kisiwa hiki kilikuwa mji wa Kiislamu kwa karne nyingi kabla padri wa kwanza hajashuka bandarini, na kila shule ya kanisa iliyofunguliwa hapa imebeba swali ambalo kwingine huweza kuachwa likalala: mtoto anafundishwa imani kwa idhini ya nani? Ya mzazi, ya mtawala, ya kanisa, au yake mwenyewe? Jibu limebadilika mara kadhaa tangu mwisho wa karne ya 16, na jibu la kwanza liliishia katika umwagaji wa damu.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu majengo kutoka Italia. Miaka minne baadaye, 1597, watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino walifika kutoka Goa na kuanzisha konventi yao katika mtaa wa Wareno nje ya ngome, sehemu ambayo leo inapitiwa na Ndia Kuu. Waliwahudumia askari, wafanyabiashara na jamaa zao, na wakawafundisha katekisimu wenyeji waliokubali kuwasikiliza. Wengine kati ya hao walikuwa watumwa na watumishi wa nyumba za Wareno, na kwa mtu wa namna hiyo si rahisi kupambanua kukubali na kutokuwa na njia nyingine.

Jina la shirika hilo lina uzito katika jambo hili. Agostino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Aljeria, aliandika karibu na mwaka 389 kitabu kifupi kuhusu mwalimu, kwa mtindo wa mazungumzo na mwanawe Adeodatus. Hoja yake ni kwamba maneno ya mwalimu hayawezi kumtia mwanafunzi elimu. Maneno huashiria tu; mwanafunzi ndiye anayetazama ndani ya nafsi yake na kuona kama lililosemwa ni kweli, na anayemfundisha huko ndani ni Mungu, wala si mtu aliyesimama mbele yake. Kwa anayeishika hoja hiyo sawasawa, kulazimisha imani si kosa tu bali ni kazi isiyowezekana. Lakini Agostino huyohuyo, alipokuwa askofu wa Hippo, alimwandikia mtu aitwaye Vincentius barua akitetea nguvu za dola dhidi ya Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga na kanisa. Alikiri kwamba zamani aliamini watu wavutwe kwa maneno peke yake, na kwamba alibadili msimamo baada ya kuona matokeo: waliolazimishwa kuacha mazoea yao walikuja baadaye kushukuru. Hapo mwanafalsafa wa kitabu kile ameshindwa na mtawala wa kanisa. Kuupima ulazimishaji kwa matokeo yake ni kumwachia mwenye nguvu mizani mkononi, kwa kuwa yeye ndiye atakayechagua lini aanze kuhesabu.

Watawa waliokuja Mombasa walirithi mafundisho yote mawili, na mwanafunzi wao mashuhuri kuliko wote aliyabeba yote mawili mwilini mwake. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi uliokuwa umekalishwa Mombasa kwa msaada wa Wareno, aligombana na nahodha wa ngome, akakimbilia bara na kuuawa huko kwa njama za Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, alipelekwa Goa pia. Huko alilelewa na Waagostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akajifunza Kireno na mambo ya vita, akatumikia katika merikebu za Wareno na kuoa mke Mkristo. Mwaka 1626 alitawazwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, akarudishwa nyumbani akiwa Mkristo na kibaraka wa Ureno.

Theolojia ya Kikatoliki ya wakati huo haikuwa kimya kuhusu mtoto kama huyu. Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae ya karne ya 13, aliuliza kama watoto wa Wayahudi na wa wasioamini wabatizwe bila ridhaa ya wazazi wao, akajibu kwamba hapana. Mtoto ambaye hajapata akili ya kuamua yumo katika malezi ya wazazi kwa sheria ya maumbile, na kumwondoa humo ni dhuluma hata kama nia ni kumwokoa. Akishapata akili, avutwe kwa hoja na si kwa nguvu. (Thoma huyo aliruhusu walioikubali imani kisha wakaiacha washurutishwe kutimiza ahadi yao, mlango wa kuingilia uliachwa wazi, wa kutokea ukatiwa komeo.) Ufalme wa Ureno ulipata njia ya kuizunguka hoja ya wazazi. Amri ya mwaka 1559 iliagiza kwamba watoto wa Goa wasio Wakristo waliobaki yatima wakabidhiwe kwa watawa wabatizwe na kufundishwa. Pasipo na mzazi, ridhaa ya mzazi haivunjwi.

Kwa sheria ya aina hiyo, Yusuf alikuwa yatima halali. Ila aliyemfanya yatima ndiye aliyekuja kuwa mlezi wake. Dai la mlezi kwamba anachukua nafasi ya baba linaporomoka lenyewe pale mlezi anapokuwa na damu ya baba mikononi, hata iwe watawa waliomfundisha kusoma hawakuhusika kabisa na mauaji. Mwalimu mwema katika mfumo dhalimu bado anafundisha kwa idhini iliyoporwa.

Habari zilizoandikwa baadaye zinasema kwamba mfalme Jerónimo alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa namna ya Waislamu, na kwamba nahodha wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alipata habari na kukusudia kumpeleka Goa ahukumiwe. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha, akatangaza kurudi katika Uislamu na jina lake la kuzaliwa. Wakristo wa mjini waliambiwa wasilimu au wafe. Wareno wapatao 150 waliuawa, wanawake, watoto na watawa wakiwemo, na pamoja nao Waafrika Wakristo wengi. Kikosi kutoka Goa kilishindwa kuitwaa ngome mapema mwaka 1632. Yusuf aliiacha mwenyewe mwaka huohuo, akazunguka baharini kama haramia hadi alipofariki katika pwani za Bahari ya Shamu miaka michache baadaye. Wareno walirudi, na maandishi ya miaka ya 1630 juu ya lango la Ngome ya Yesu bado yanajisifu jinsi pwani ilivyotiishwa upya.

Katika vitabu vya kanisa tukio hili ni habari ya mashahidi, na uchunguzi wa kutaka watambuliwe hivyo ulifunguliwa Goa mwaka 1632. Katika vitabu vya historia vilivyoandikwa baada ya uhuru, Yusuf ni mpinzani wa ukoloni kabla ukoloni haujaitwa hivyo. Masimulizi yote mawili yanamruka mtoto wa miaka saba. Yanaruka pia jambo linalotatiza zaidi: baadhi ya Waafrika waliouawa siku zile walikataa kusilimu. Walikuwa wameipokea imani chini ya kivuli cha ngome, pengine bila kuulizwa vya kutosha, na ilipofika siku ya kuulizwa kweli, upanga ukiwa mbele yao, waliidai kuwa yao. Wakati huohuo mwanafunzi aliyesomeshwa kwa gharama na uangalifu kuliko wote aliirudisha. Anayetaka kuthibitisha kwamba imani iliyopandwa kwa nguvu haioti ana mfano wa Yusuf. Anayetaka kuthibitisha kinyume chake ana mfano wa waliokufa. Matokeo hayamalizi swali la idhini, na ndiyo sababu hoja ya Agostino kwa Vincentius haiwezi kusimama. Yusuf naye aliwapa wengine uchaguzi mbaya kuliko wote, ingawa yeye hakupewa hata huo. Alipofanya hivyo aliipa kisogo aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara, inayokataza shuruti katika dini, kama vile waliombatiza walivyompa kisogo Thoma.

Uislamu wa pwani ulikuwa na mafundisho yake juu ya mtoto. Hadithi mashuhuri inasema kila anayezaliwa huzaliwa katika umbile la asili, fitra, na wazazi wake ndio wanaomwelekeza katika dini hii au ile. Al-Ghazali, katika sura yake ya malezi, anamweleza mtoto kuwa amana mikononi mwa wazazi, mwenye moyo unaopokea kila kinachochorwa juu yake. Ghazali na Thoma wangeelewana sana katika jambo hili. Wote wawili wangelishangaa wazo la siku hizi kwamba mtoto aachwe bila dini hadi awe mtu mzima ndipo achague. Hakuna mtoto anayeachwa mtupu: lugha, salamu, chakula kilichokatazwa na siku ya mapumziko vyote vinamfundisha kabla ya mwalimu yeyote. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi haiulizi kama samaki akunjwe. Ugomvi ni juu ya mkono gani ukunje.

Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwezi Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728 na 1729, kisha Ukatoliki ukatoweka kisiwani kwa zaidi ya miaka 150. Kuanzia hapo elimu ya Mji wa Kale ilikuwa ya chuo: watoto wameketi mkekani mbele ya mwalimu, wanaanza na herufi, wanaendelea na juzuu ya Amma, mpaka wahitimu msahafu mzima. Idhini haikuwa tatizo kwa sababu mzazi, mwalimu na mji walikuwa wa dini moja.

Kanisa liliporudi Afrika Mashariki, lilianza tena na mtoto asiye na wa kuulizwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Waanglikana walifanya vivyo hivyo Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza miaka ya 1870. Tofauti na mambo ya Goa ni kubwa: mmisionari hakuwa amemuua baba wa mtoto, alikuwa amemtoa mtoto kwa waliomuuza. Hata hivyo mtoto alifika shuleni akiwa hana ukoo, na jina jipya, sala mpya na kijiji kipya vikampata bila kupingwa na mtu. Wema wa tendo hauwezi kukanushwa. Ila shule iliyojengwa juu ya watoto waliokatwa na jamaa zao haijapata bado kujua kama ingekubaliwa na jamaa.

Mtihani huo ulikuja kisiwani Mombasa, mapadri wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi hapa karibu na mwaka 1890. Mazingira yalikuwa mapya kabisa. Mwaka 1895 Uingereza ilitwaa utawala wa pwani, na mwakilishi wake, Arthur Hardinge, aliwaahidi wakuu wa Mombasa kwamba dini yao na sheria yao havingeguswa. Ukanda wa pwani wa maili kumi ukaendelea kuwa, kwa jina, mali ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo padri wa Mombasa hakuwa na ngome nyuma yake. Hakuweza kudai mtoto wa mtu. Alipaswa kungoja mtoto aletwe.

Walioanza kuleta watoto walikuwa Wagoa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilihitaji makarani, na forodha, ofisi za serikali na maduka vilihitaji watu wa aina hiyohiyo. Walikuja kutoka Goa ileile alikobatizwa Yusuf. Miongoni mwa mababu zao walikuwamo watu walioishi chini ya amri ya 1559 na nyingine za namna yake, na katika vizazi zaidi ya kumi dini iliyoanza kwa amri ya mfalme ilikuwa imegeuka kuwa dini ya bibi na babu, ya ndoa na maziko, ya vyakula vya sikukuu. Mgoa aliyempeleka mwanawe kwa mapadri mwaka 1900 hakuwa na shaka kwamba ni haki yake, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba imani yake si yake kwa kuwa ilianza vibaya. Lakini hakuna pia anayeweza kutaja ni kizazi kipi hasa kilichoifanya kuwa yake.

Baada ya Wagoa walikuja Wakatoliki wa bara, Wataita waliokuwa na misheni ya Bura tangu miaka ya 1890, na watu wa magharibi na kati ya Kenya waliovutwa na kazi za bandarini na relini. Serikali ya kikoloni ilizigawa shule kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na Wagoa, za Waarabu, za Waafrika, na shule za kanisa zilijigawa kwa kufuata mstari huo. Doa hilo halizungumzwi vya kutosha: kanisa lililofundisha ubatizo mmoja liliwakalisha waliobatizwa madarasa mbalimbali. Dayosisi ya Mombasa na Zanzibar iliundwa mwaka 1955, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu likiwa limesimama tayari kwenye barabara inayoitwa leo Nkrumah, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu.

Wazazi Waislamu walijihadhari, na walikuwa na sababu. Shule ya misheni ilikuwa mlango wa kazi ya karani, lakini ilikuwa mali ya watu ambao hawakuficha kwamba wanatafuta waongofu. Serikali ilifungua shule ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, na kwa muda mrefu ikawa njia nyembamba kwa mji mkubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwasukuma Waislamu wa pwani watafute elimu ya kisasa bila kuuza dini yao. Taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoitwa MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilipokea wanafunzi mwaka 1951.

Polepole hofu ilipungua, na sababu yake haikutoka katika sheria wala katika theolojia. Ilitoka katika ratiba ya siku. Mtoto wa mitaa ya Kibokoni au Kuze huenda shule asubuhi, hula chakula cha mchana, na alasiri huvaa kanzu au buibui akaenda madrasa. Wikendi humpa nafasi zaidi. Mzazi anayejua kwamba saa za alasiri ziko salama huweza kumkabidhi mwanawe kwa shule yenye jina la mtakatifu asubuhi, kwa ajili ya hisabati na nidhamu. Hii ni hekima ya mji, na inastahili kuchukuliwa kwa uzito kama falsafa ya elimu ingawa haikuandikwa na mwanafalsafa. Haimtaki paroko aache imani yake wala haimtaki mzazi aikubali. Inampa kila mwalimu saa zake.

Ina udhaifu wake. Inachukulia kwamba dini ni somo linaloweza kuwekwa alasiri, na hakuna mwanatheolojia makini, wa Kikatoliki au wa Kiislamu, anayeamini hivyo. Sala ya kufungua gwaride, picha ukutani, wimbo wa shule na mavazi vinafundisha saa zote. Tena mtoto mwenyewe hubeba mzigo wa kupatanisha asubuhi na alasiri, akiwa na miaka minane, bila msaada wa yeyote kati ya walimu wake wawili.

Katika miaka ya 1960 kanisa na serikali vilibadilika karibu kwa wakati mmoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika matamko ya mwaka 1965, ulikubali kwamba uhuru wa dini unatokana na hadhi ya mtu, uliwataja Waislamu kwa heshima, na ulizungumza kwa wema juu ya shule za Kikatoliki zenye wanafunzi wasio Wakatoliki. Nchini Kenya, Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilishikilia kwamba shule za umma ziwe za serikali isiyopendelea dhehebu, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikayageuza makanisa kutoka wenye shule kuwa wafadhili. Serikali iliajiri walimu na kupanga mtaala. Kanisa lilibaki na sauti, na mara nyingi na ardhi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili jukumu la malezi ya kiroho, huku ikimtaka alinde dini za wasio wa dhehebu lake. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inakataza mtu yeyote kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake.

Jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja ilijaribiwa mbali na pwani, katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani huko Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wasichana Waislamu walipotaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa, ikaacha nafasi ya kesi kuanzishwa upya kwa utaratibu ufaao. Swali lenyewe, kama sare ya shule ya mfadhili inaweza kuishinda dhamiri ya mwanafunzi, halikupata jibu la mwisho. Kwa shule za kisiwani Mombasa, ambako Waislamu ni wengi, ukimya huo unajazwa na mapatano ya mwalimu mkuu mmojammoja.

Sheria za kanisa zenyewe zimesogea mbele kuliko desturi. Kanuni za mwaka 1983 zinamhesabu mtu aliyetimiza miaka saba kuwa na matumizi ya akili, na katika mambo ya ubatizo anatendewa kama mtu mzima: hawezi kubatizwa bila kutaka mwenyewe. Umri huo ni karibu na ule aliokuwa nao Yusuf alipopandishwa merikebuni. Kwa kanuni hizo, mtoto wa shule ya parokia ana sauti mbele ya mzazi, paroko na serikali.

Ila ubatizo si mahali ambapo uhuru huo hupimwa siku hizi. Shule za parokia hazidai ubatizo kwa wanafunzi wa dini nyingine. Hupimwa katika usajili wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambapo elimu ya dini ya Kikristo ina nambari 313, ya Kiislamu 314 na ya Kihindu 315. Mwanafunzi Mwislamu katika shule isiyo na mwalimu wa 314 anaweza kujikuta akifanya 313, au akaacha somo la dini kabisa. Hakuna aliyemlazimisha, kuna nafasi ya kazi isiyojazwa. Kifungu cha 27 kinamtaka mfadhili alinde dini ya mwanafunzi huyo, lakini walimu wa shule ya umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, si parokia, na shule isiyopelekewa mwalimu hutegemea ada za wazazi kumwajiri wake. Bodi ya shule ambayo paroko ana kiti ndani yake inaweza kumtafuta mwalimu huyo, hata kwa kuafikiana na madrasa ya jirani, na hakuna fundisho la Kikatoliki linaloizuia kufanya hivyo.